Picha Moja kwa Mikono Saba

Picha ilitufikia usiku wa Ijumaa, saa tatu hivi, kwenye kundi letu la WhatsApp, ambamo sote huhariri picha moja kisha tukapigia kura iliyo bora, ikiwa imetumwa kama faili. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu ya kwanza, kwa sababu WhatsApp huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida mpaka vitu vyake vidogo vinayeyuka, na mtu anayeanza kuhariri picha iliyokwisha kubanwa hana tofauti na mpishi aliyepewa kiporo akaambiwa apike pilau. Tulikubaliana kwamba atakayesahau atalipa soda. Mpaka leo nadaiwa soda mbili.

Ndani ya faili alikuwemo bibi mmoja anayechoma gonja, ndizi tamu za kuchoma, kando ya barabara mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jua likiwa limekwisha kutua. Mbele yake palikuwa na sigiri, yaani jiko la makaa, na juu ya wavu gonja sita zilizoanza kubabuka. Upande wa kushoto, karibu kabisa na ukingo wa picha, iliwaka tadooba, ile taa ndogo ya mafuta ya taa ambayo wenzetu wa pwani huiita kibatari au koroboi. Mwanga wake uliugusa uso wa bibi upande mmoja, ukashuka hadi kwenye mkono ulioshika koleo, kisha ukaishia hapo. Zaidi ya nusu ya picha ilikuwa giza. Mwenzetu mmoja, mwalimu, ndiye aliyeipiga; kwa idhini ya mwenyewe na baada ya kununua gonja za shilingi elfu mbili, aliituma na sentensi moja: "Haya, kila mtu ana wiki moja."

Tuko saba, na hakuna hata mmoja wetu anayekula kwa sanaa. Yupo huyo mwalimu wa shule ya msingi huko Arua. Muuguzi wa Mbale. Wakala wa forodha pale mpakani Busia. Fundi cherehani wa Jinja, ambaye ndiye mwanamke mwenye maneno machache kuliko sote. Mwendesha bodaboda wa Bombo. Mwanafunzi wa uhandisi hapa Kampala. Na mimi, ninayeandika hesabu za duka la vipuri vya magari. Tulifahamiana kwenye Facebook kabla haijafungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na baada ya kufungwa tulitafutana kwa namba za simu mmoja mmoja kama watu waliopotezana stendi.

Kilichotuweka pamoja, ukiacha picha, ni Kiswahili. Mwalimu ni Mlugbara, fundi ni Msoga, wakala ni Msamia, na kila mmoja angeweza kujitetea kwa Kiingereza, lakini tuligundua mapema kwamba majina ya vitufe tuliyokuwa tukiyatamka kwa Kiingereza tulikuwa tumeyakariri tu. Tulibonyeza tusichokielewa. Kwa hiyo sheria ya pili ikawa kwamba kila anayeleta kazi yake aandike pia hatua alizopitia, kwa Kiswahili, kwa sentensi kamili. Katiba yetu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likarudia jambo hilo kwa mkazo mwaka 2022, lakini hakuna kati ya maamuzi hayo lililotuambia sehemu ya picha unayoificha ili rangi isiifikie inaitwaje. Mwalimu alitaka tuseme "kinyago." Baada ya korona hapakuwa na mjadala tena, maana kila mtu alikwisha kuvaa barakoa na akajua kazi yake ni kuziba hapa na kuacha pale. Tabaka, yaani karatasi angavu unayoiweka juu ya picha ili ufanyie kazi bila kuigusa ya chini, lilikubalika bila ubishi. Zile doa ndogo ndogo zinazojitokeza gizani tuliziita chenga, kama za televisheni ya zamani. Fundi ndiye aliyetupa maneno mawili ninayoyapenda kuliko yote: kutia kiraka, yaani kunakili kipande cha picha ili kifunike kipande kingine, na pindo, yaani ukingo wa picha.

Sheria ya tatu ndiyo iliyotugharimu usiku mzima wa mabishano. Wakala wa Busia alitukumbusha jalada la National Geographic la Februari 1982, ambalo piramidi za Giza zilisogezwa kwa kompyuta ili zienee kwenye ukurasa wa wima, na akauliza kama kusogeza ni kudanganya. Mwanafunzi akamleta Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Stalin, aliyekuwa amesimama kando ya bosi wake ukingoni mwa mfereji wa Moscow, na ambaye baada ya kuuawa mwaka 1940 alifutwa kwenye picha hiyo, mahali pake pakabaki maji. Tulicheka, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa mbali nasi sana. Mwendesha bodaboda naye akasema tusihangaike na Moscow ilhali Nasser Road ipo hapa hapa Kampala, mtaa wa wachapaji ambao mabango yake yamewavalisha viongozi wa dunia magwanda na kuwakutanisha watu ambao hawakuwahi kukutana. Mwishoni tukaandika hivi: "Usiongeze kisichokuwepo." Na kwa kuwa tangu mwaka 2023 hata Photoshop inaweza kukutungia mtu mzima kutokana na maneno uliyoiandikia, tukaongeza kwamba programu zinazotunga picha haziruhusiwi. Kuhusu kuondoa kilichokuwepo hatukuandika neno. Naomba msomaji alishike hilo.

Sasa niseme kidogo kuhusu giza, kwa sababu ndilo lililokuwa uwanja wenyewe wa mashindano. Picha ya simu huhifadhiwa kwa kawaida katika mfumo wa JPEG, ambao umekuwa nasi tangu mwaka 1992. Mfumo huu huigawa picha katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, pikseli zikiwa ni zile nukta ndogo zinazoiunda picha, kisha hutupa katika kila kijiraba yale ambayo unadhani jicho halitayakosa. Kila rangi kati ya zile tatu za msingi hupewa ngazi 256 tu, kuanzia sufuri ambayo ni giza tupu hadi 255 ambayo ni weupe mtupu. Mahali penye mwanga ngazi hizo zinatosha na kubaki. Gizani, hata hivyo, huwa umebakiwa na chache mno, pengine kumi au kumi na tano, na ukizivuta juu ili "uone kilichomo" zinaachana kama nyuzi za kikapu kilichozidishiwa mzigo: mabaka yanatokea, chenga zinachipuka, na vile vijiraba vinaanza kuonekana kwa macho. Upande wa pili, ulimi wa moto wa tadooba ulikuwa umekwisha kufika 255. Hapo hakuna cha kurudisha.

Rangi nayo ilikuwa na mtego wake. Mwanga wa mshumaa au wa utambi huwa na joto la rangi, kipimo ambacho kikipungua mwanga huelekea chungwa, la kelvini 1900 hivi, na mwanga wa jua la mchana ni kama 5500. Ukiiachia programu ikusawazishie yenyewe, huona rangi ya chungwa imezidi, ikadhani ni kosa, ikaisahihisha. Wakala wa Busia aliiachia. Bibi yetu akatoka amekaa chini ya taa ya ofisi ya forodha, na wakala, badala ya kuona aibu, akamwagia buluu kwenye vivuli kama katika sinema za upelelezi. Mwendesha bodaboda alifanya kinyume chake: alikaza utofauti wa mwanga na giza mpaka kila kisichomulikwa kikazama, na gonja zikawa nyeusi kama makaa yaliyo chini yake. Mwanafunzi aliondoa rangi zote, akakata pindo tatu kati ya nne. Sina la kusema juu ya hiyo ya mwanafunzi. Ilikuwa nzuri, na alijua.

Ya muuguzi ndiyo iliyotuchelewesha kulala. Aliung'arisha uso wa bibi, akalainisha mikunjo ya paji na ya pembe za macho, akaipandisha rangi ya ngozi ngazi kadhaa. Katika maelezo yake aliandika kwa upendo kabisa kwamba alitaka "kumpumzisha bibi." Watu watatu waliisifu papo hapo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu najua desturi hiyo imetoka wapi. Nilipokuwa kijana nilisaidia katika studio moja ya picha kwa miezi minne, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo: picha za mahafali, picha za kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba, mabibi katika magauni yao ya gomesi, wote walipaswa kutoka weupe kidogo kuliko walivyoingia, na aliyetoka alivyo alirudi kulalamika. Pia kulikuwa na koti moja la suti, ndani ya kompyuta, ambalo nimewavalisha wanaume wasiohesabika kwa ajili ya picha za paspoti.

Lakini lawama si ya studio peke yake. Mita ya kawaida ya mwanga ndani ya kamera haijui uso ni nini. Imefundishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote, huwa ya kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kwa hiyo ngozi nyeusi ikijaza fremu, kamera huona upungufu na kuongeza mwanga. Kabla ya hapo, katika enzi za filamu, Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na kwa miaka mingi uso huo ndio uliokuwa kipimo cha usahihi duniani kote. Ni juzi tu, mwaka 2022, Google ilipoanza kutumia mizani ya rangi kumi za ngozi iliyobuniwa na Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kitufe cha "rekebisha" katika simu kina ukoo, na bibi wa Arua hakuhudhuria kikao cha ukoo huo.

Niliyaandika hayo yote kwenye kundi, kwa urefu kuliko hapa. Muuguzi alijibu kwamba kazini kwake huwaangalia wazee waliochoka kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba kama kuna mahali pamoja ambapo anaweza kuwaondolea uchovu bila dawa, hataombwa msamaha na mtu wala hataomba. Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Yangu niliifanya kwa GIMP, kwenye kompyuta mpakato ambayo feni yake husikika chumba cha pili. Naitumia programu hii kwa sababu ni ya bure, na ni ya bure kwa sababu wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walioianza mwaka 1995, waliamua iwe hivyo. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linaruhusu athari nyingi kubaki wazi ili uzirudie baadaye. Mashine yangu bado imeganda kwenye 2.10. Sikuongeza mwanga usoni. Nilifanya kinyume: nilipunguza kila kitu kilichoshindana na uso. Niliishusha kidogo rangi ya chungwa ya ukutani, nikalizimisha bati lililong'aa nyuma, nikaziondoa chenga kwenye giza pekee kwa barakoa niliyoichora kwa kipanya kwa saa tatu. Kisha, kwenye pindo la kushoto, nyuma kidogo ya tadooba, palikuwa na kitu chekundu kisichoeleweka, kama kitambaa au kipande cha plastiki, kilichokuwa kikivuta jicho. Nikakitia kiraka. Nilichukua giza la jirani, nikalipanga taratibu, na baada ya dakika kumi pindo lilikuwa safi. Katika maelezo yangu niliandika kwamba nimeondoa takataka ukingoni ili ulimi wa moto, uliosimama wima kwa utulivu wa ajabu, ubaki peke yake.

Nikashinda. Kura tatu kati ya saba, na hairuhusiwi kujipigia. Zawadi ilikuwa data ya gigabaiti tano iliyochangwa na waliosalia, na si haba katika nchi ambayo tangu Julai 2021 kila shilingi ya data inatozwa ushuru wa asilimia 12.

Fundi wa Jinja alipata kura moja, yangu. Picha yake haikuwa na mengi. Alikuwa ameinua vivuli kwa kipimo kidogo sana, akaacha chenga zilipo, akaacha rangi ya chungwa, akaacha fremu nzima. Maelezo yake yalikuwa sentensi mbili: "Nimeongeza mwanga kidogo pale palipohitaji. Pindo sikulikata kwa kuwa sikujua lina nini." Nilimpigia kura kwa adabu zaidi kuliko kwa kusadiki.

Mwezi Desemba nilikuwa na safari ya Arua kwa ajili ya harusi ya binamu, nikajitolea kumpelekea bibi picha zote saba zikiwa zimechapwa. Nilizichapisha Nasser Road. Kijana wa mashine alizitazama, akaniuliza kama ningependa "ampendezeshe" bibi bila malipo ya ziada, nikamwambia kazi hiyo imekwisha kufanywa. Zilitoka nyeusi kuliko nilivyozizoea, jambo ambalo ningepaswa kulitarajia: kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi huazima wa chumbani. Ya mwendesha bodaboda ilikuwa karibu haionekani. Nikazifunga kwenye kadibodi, nikapanda basi la usiku, na zikalala mapajani mwangu kilomita zipatazo 500, kupitia Karuma, kupitia daraja la Pakwach, mpaka Arua kulipopambazuka.

Jioni mwalimu alinipeleka. Eneo la West Nile, ambamo Arua imo, liliunganishwa na gridi ya umeme ya taifa mwaka 2024, na maduka ya nyuma yalikuwa yakiwaka taa nyeupe, lakini waya haujafika kwenye meza za gonja, na tadooba ilikuwa pale pale. Tulimwamkia, akatuitikia, akatukaribisha kwenye benchi. Alifuta mikono kwenye leso yake, upande mmoja kisha wa pili, kabla hajapokea bahasha.

Alizitazama polepole, akiziinamisha kuelekea motoni. Ya mwendesha bodaboda aliirudisha haraka. "Hizi gonja zimeungua," alisema. "Mtu akiona hii atanunua kwangu?" Ya wakala ilimfanya aguse ukuta wa nyuma kuhakikisha si wa buluu. Alipofika kwa ya muuguzi alicheka mpaka akaweka koleo chini, akamwita jirani yake anayeuza mihogo aje amwone huyu msichana. Kisha akaitenga, na nikaona kwamba ameitenga upande wa zile anazozitaka. Nilimtumia muuguzi ujumbe usiku ule ule, kama haki yake.

Ndipo alipoishika yangu. Aliitazama muda mrefu kuliko zilizotangulia, nami nikajiandaa kupokea sifa.

"Mtoto yuko wapi?"

Sikumwelewa. Mwalimu pia hakumwelewa. Bibi akaweka kidole chake chenye masizi juu ya kazi yangu, kwenye pindo la kushoto, juu ya lile giza nililolipanga kwa dakika kumi.

"Mjukuu wangu alikuwa hapa. Siku ile kulikuwa na upepo. Nilimwambia akinge taa kwa mkono mpaka huyu mwalimu amalize." Akageuza kiganja chake nyuma ya tadooba kutuonyesha. Mwanga ulipita kati ya vidole, na kingo za vidole zikawa nyekundu.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema. "Mtoto yule nilimwona," aliniambia, kama mtu anayejitetea mbele ya mkuu wa shule. "Nilimsalimia. Lakini kwenye picha sikumwona." Naye pia alikuwa amelikata pindo hilo. Tulizipanga zote saba kwenye benchi na kuhesabu: wakala alikata, mwanafunzi alikata, mwalimu alikata, muuguzi alitia kiraka kama mimi, na mwendesha bodaboda alimzamisha mtoto katika giza pamoja na ukuta. Sita. Kwenye ya fundi mkono ulikuwapo, na kwa kuwa alivuta vivuli kidogo, hata kiwiko kilionekana kikitokea nje ya fremu.

Bibi aliichukua hiyo ya fundi na ile ya muuguzi. Aliomba nyingine ya fundi kwa ajili ya mtoto mwenyewe, anayesoma darasa la tatu, na akatukataza kabisa kulipia gonja. Yangu alinirudishia pamoja na zilizobaki, kwa heshima, zikiwa zimepangwa vizuri ndani ya kadibodi.

Niliporudi Kampala nilifungua faili langu nikakuta nilikwisha kuyaunganisha matabaka yote kuwa moja, tabia mbaya niliyoipata siku ambazo diski ilikuwa imejaa, hivyo kiraka hakikuweza kubanduliwa. Ikabidi nianze upya kutoka kwenye picha ya mwalimu. Niliikuza mara nne. Kile kitu chekundu kina upana wa pikseli mia na kidogo, na ukikitazama hivyo unahesabu vidole vinne vilivyobanana, na cha tano kimejificha nyuma ya utambi. Huo moto nilioustaajabia kwa utulivu wake unainamia kidogo upande wa vidole hivyo. Ni kidogo sana, lakini unainama.

Nilichora barakoa nyingine, saa tatu nyingine, nikaituma kwenye kundi bila maelezo, na kwa mara ya kwanza kama faili bila kukumbushwa. Mwanafunzi alikuwa wa kwanza kuifungua. Aliuliza nimebadilisha nini, mbona anaiona ile ile. Kabla sijamjibu, fundi wa Jinja, ambaye huwa haandiki, alimwandikia aangalie pindo la kushoto.